Kujivuna, Kujivunia na Kutamba: Historia Fupi ya Kitenzi Magazetini

Tuchukue sentensi mbili tulizozitunga kwa mfano wa zile zisomwazo magazetini. Ya kwanza: "Mtaa wa Spring Valley jijini Nairobi unajivunia miti mikubwa na utulivu." Ya pili: "Mbunge huyo alijigamba kuwa amejenga shule nne." Mwandishi wa Kiingereza angetumia kitenzi kimoja katika zote mbili. Kiswahili kina vitenzi kadhaa, na kila kimoja kina hukumu yake. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba hukumu hiyo ina historia, na kwamba mwanahabari anayeisahau huhukumu bila kukusudia.

Kujivuna ni kasoro ya tabia. Kauli ya kutendea inapoingia, tukapata kujivunia, lawama hupungua: mtu hujivunia mwanawe, kazi yake au nchi yake. Anayejivuna hujitazama mwenyewe, ilhali anayejivunia huielekeza fahari yake kwenye kitu kingine. Kujigamba, kujitapa na kujinaki vimebaki upande wa lawama.

Hata hivyo, lawama hiyo haikuitawala fasihi yetu. Majigambo ni utanzu unaoheshimika, ambamo shujaa hujisifu mbele ya hadhira inayozijua kanuni za mchezo. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) alijibizana kwa mashairi na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu, katika uhasama wa miji uliohusu pia vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19. Hapo mji ulijisifu kwa kinywa cha mtu aliyejulikana, na mpinzani alikuwa na haki ya kujibu.

Magazeti ya Kiswahili, kuanzia Msimulizi la Zanzibar (1888), kisha Mambo Leo (1923), Baraza (1939) na Taifa Leo (1960), yalizoeza wasomaji usemi wa taarifa. "Nimejenga" ya msemaji huweza kugeuzwa "alijigamba kuwa amejenga". Kitenzi hicho hakukichagua msemaji, alichaguliwa. Tofauti baina ya "alisema" na "alijigamba" haimo katika maneno ya mbunge wetu, bali imo katika kalamu ya aliyeyaripoti. Ikiwa shule nne zipo, kitenzi kimemdhulumu mbunge. Ikiwa hazipo, kitenzi kimemdhulumu msomaji, kwa kuwa kimeufanya uongo uonekane kuwa ni majivuno tu. Katika hali zote mbili, kazi ya kwenda kuzihesabu shule imeachwa.

Sentensi ya Spring Valley ina kosa la aina nyingine. "Unajivunia" hapo ni tafsiri ya mazoea ya Kiingereza, ambamo kitenzi hicho kinaweza kumaanisha "una" tu. Lakini mtaa hauna kifua cha kupiga. Tukiuliza ni nani hasa anayejivunia, tutamkuta mwenye nyumba, au dalali anayetafuta mnunuzi. Bawabu na yaya wanaoingia mtaani alfajiri kwa miguu wamehesabiwa miongoni mwa wenye fahari bila ya kuulizwa. Muyaka alipousifu mji wake, tulijua ni nani anayesema. Hapa msemaji amejificha nyuma ya miti.

Ajabu ni kwamba kurasa za michezo, ambazo wahakiki huzidharau, ndizo zilizobaki karibu zaidi na jadi. Magazeti ya Tanzania hupenda kuandika kwamba Simba "yatamba" kabla ya kukutana na Yanga. Kitenzi hicho hakimdhulumu mtu: mwenye tambo anajulikana, mpinzani hujibu, na uwanja huamua kwa dakika tisini.

Kwa hiyo hatupendekezi kitenzi hiki kifutwe katika habari. Tunachodai ni masharti yale yale ya majigambo: msemaji ajulikane, anayejibu apewe nafasi, na lililodaiwa lipimwe. Pasipo hayo, "alisema" na "una" yanatosha.