Sheria Isiyo na Mlinzi

Hapo kale katika Uingereza nyumba kubwa zilipashwa moto kwa makaa ya mawe, nao moshi ulitoka kwa njia ya dohani nyembamba zilizopindapinda ndani ya kuta. Masizi yakizidi, dohani huweza kushika moto na kuiunguza nyumba. Kwa hiyo wafagiaji wa dohani waliwatwaa watoto wadogo, wengi wao yatima na wana wa maskini, wapande humo ndani na kukwangua masizi. Magoti na viwiko vyao vilichubuka, miguu ikapindika, na wengine wakawa vilema maisha yao yote. Mwaka 1775 tabibu Percivall Pott wa London aliandika habari za saratani iliyowapata wafagiaji kwa ajili ya masizi hayo.

Je, hapakuwa na sheria ya kuwalinda? Ilikuwapo, tena si moja.

Mwaka 1788 Bunge liliamuru kwamba mtoto asitwaliwe kwa kazi hii kabla ya kutimiza miaka 8. Lakini shauri la kumtaka kila bwana wa kazi awe na leseni lilikataliwa na Baraza la Malordi. Mwaka 1834 umri ulipandishwa hata miaka 10. Mwaka 1840 ilikatazwa kabisa mtu wa chini ya miaka 21 kupanda dohani, na mwaka 1864 adhabu ziliongezwa. Maneno hayo yote yalikuwa mema, wala watoto hawakuacha kupanda. Maana hapakuwekwa mtu ambaye kazi yake ni kuangalia. Wenye nyumba walidhani kwamba brashi haitafika penye kona, na baadhi ya mahakimu waliopaswa kuhukumu walikuwa wakifagiliwa dohani zao na watoto wale wale.

Viwandani mambo yalikwenda njia nyingine. Sheria ya mwaka 1833 iliwakataza watoto wa chini ya miaka 9 kufanya kazi katika viwanda vingi vya nguo, nayo serikali iliweka wakaguzi 4 wenye ruhusa ya kuingia na kuuliza. Wanne ni wachache kwa nchi nzima. Hata hivyo waliyoyaona waliyaandika, na Bunge likayasoma.

Basi mwezi wa Februari 1875, karibu na Cambridge, mtoto George Brewster alikwama ndani ya dohani ya hospitali, akafa. Bwana wake alifungwa miezi 6 kwa kazi ngumu. Lord Shaftesbury, aliyewatetea watoto wa kazi tangu ujana wake, alilipeleka jambo hilo Bungeni tena, na mwaka ule ule ikaamriwa kila mfagiaji apate leseni ya polisi kila mwaka. Ndipo desturi ile ikakoma. Leseni iliyokataliwa mwaka 1788 ilikuja baada ya miaka 87.

Wasomaji wapendwa, shamba lenye boma bila mlinzi huliwa na nguruwe. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 yamwamuru kila mtu katika jamii, akijua kwamba haki ya mtoto inavunjwa, apeleke habari kwa serikali ya mahali pake. Hivyo jirani naye amefanywa mlinzi. Naye akinyamaza, mtoto wa nyumba ya pili hana zaidi ya walichokuwa nacho watoto wale wa mwaka 1840.