Mwidhini, wala si Mkuu wa Chuo

Nimerudishiwa sura niliyoitafsiri kuhusu Chuo Kikuu cha Paris katika karne ya 13. Mhariri ameisafisha kwa kufuata orodha ya istilahi ya kamati fulani, na sasa inasomeka kwamba Mkuu wa Chuo aligombana na Mkuu wa Chuo. Msomaji atadhani bwana huyo alirukwa na akili.

Walikuwa wawili. Rekta alichaguliwa na walimu wa Kitivo cha Sanaa, kupitia mataifa yao manne: Wafaransa, Wanormandi, Wapikadi na Waingereza. Cancellarius alikuwa mtu wa kanisa kuu la Notre-Dame, na bila ruhusa yake mtu hakufundisha. Ndiyo maana mwaka 1231 Papa Gregory IX aliagiza kwamba cancellarius ale kiapo cha kuitoa ruhusa hiyo kwa haki.

Tulitazame jina. Cancelli ni fito zilizopangwa kama kimia, zikitenga baraza la hakimu wa Kirumi na umma. Cancellarius alisimama hapo, bawabu tu. Toka ubawabu akapanda ukarani, toka ukarani akashika muhuri wa wafalme na maaskofu. Lakini kule Paris bado alikuwa penye fito, akiamua nani apite. Neno “mkuu” halina fito hata moja.

Napendekeza, kama nilivyokwisha kupendekeza nikanyamaziwa, “mwidhini”. Msomi mmoja, ambaye istilahi zake hazijavuka kizingiti cha ofisi yake, aliuliza kama mwidhini wangu atapanda mnarani kuadhini. Kejeli yake imenifaa. Idhini na adhana ni za mzizi mmoja wa Kiarabu, ule ule uliozaa udhn, yaani sikio. Mwenye kuidhini amesikiliza. Mwenye kuadhini anataka asikilizwe. Wanaoandika “chansela” ni nafuu: angalau hawajadai kuwa wametafsiri.

Na ugomvi wa jina haukuanza nami. Huko Oxford, ambako agizo la mjumbe wa Papa la 1214 lilimtaja cancellarius wa kuteuliwa na askofu wa Lincoln, askofu Oliver Sutton alikuja kudai kwamba Robert Grosseteste aliongoza chuo bila kuruhusiwa kuitwa hivyo. Aliitwa bwana wa shule.

Matumizi: mwidhini, waidhini; naibu mwidhini. Dar es Salaam wabaki na Mkuu wa Chuo wao, kwani cheo hicho kwao ni cha heshima.

Sura nimeirudisha kwa mhariri. Ina mwidhini mahali kumi na saba.