Kichocho na Picha za Mafigo

Sisi wa Kibiti na delta ya Rufiji twakijua kichocho tangu utotoni. Zamani mtoto akikojoa damu, wengine walidhani ni dalili ya kukua tu. Mwaka 1851 Theodor Bilharz, mganga Mjerumani, alimwona mdudu wake ndani ya maiti, huko Cairo katika Misri. Lakini madhara ya mafigo ndani ya mtu aliye hai yalikuwa fumbo. Mwaka 1895 Röntgen aligundua mionzi ya eksirei. Baadaye kikaja chombo cha mawimbi ya sauti, kisichoumiza hata mtoto mchanga. Kwa chombo hicho waganga huona mirija ya mkojo iliyoziba na figo lililovimba, ijapokuwa mtoto halalamiki. Akinywa prazikwanteli mapema, mara nyingi uvimbe hupungua, na picha ya pili huonyesha hayo.