Msamaria ni kabila gani?

Najua nimepotea kidogo. Majaribio yalinibana, halafu bumu nalo likachelewa, yaani tabu tupu. Leo nimerudi na deni moja.

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kijana wa kidato cha pili alinyoosha mkono: "Mwalimu, hivi Msamaria ni kabila gani?" Nikamjibu haraka haraka kuwa ni mtu mwenye huruma. Darasa zima likaandika. Juzi nimeingia maktaba, nimetoka na aibu.

Wasamaria ni watu kabisa, na hadi leo wapo, hawafiki elfu moja, karibu na Nablus na katika mji wa Holon. Wanashika Torati kama Wayahudi, ila mahali patakatifu kwao ni mlima Gerizimu, sio Yerusalemu. Ugomvi ulianzia hapo. Walikuwa na hekalu lao, likabomolewa mwishoni mwa karne ya 2 KK na John Hyrcanus, mtawala na kuhani mkuu wa Yerusalemu. Nao wakalipiza. Josephus anaeleza kwamba kati ya mwaka 6 na 9 BK, Yesu akiwa bado kijana mdogo, Wasamaria walipenya usiku wakati wa Pasaka wakatawanya mifupa ya watu ndani ya Hekalu la Yerusalemu. Mifupa, jamani! Kwa sheria za usafi za wakati ule, hilo lilikuwa tusi zito mno.

Sasa mwanasheria anamuuliza Yesu: jirani yangu ni nani? Wapo wanaosema Yesu aliitupa Torati. Mimi sikubali. Walawi 19 inaagiza kumpenda jirani, na chini kidogo inaagiza kumpenda hata mgeni. Walichokuwa wanabishania watu ni mpaka, jirani anaishia wapi. Yesu akasimulia habari ya njia ya Yerusalemu kwenda Yeriko. Kuhani akapita, Mlawi akapita. Wasikilizaji bila shaka walimngoja Mwisraeli wa kawaida aje kuwa shujaa, akatokea Msamaria. Na neno "mwema" halimo kwenye hadithi, tumeliongeza sisi wa baadaye. Kwa wale waliokaa kusikiliza, "Msamaria" na "mwema" yalikuwa maneno yasiyokaa pamoja.

Kilichonichoma zaidi ni mwisho. Yesu alipouliza kati ya wale watatu nani alikuwa jirani, mwanasheria hakumtaja Msamaria. Akasema tu ni yule aliyemwonea huruma. Si jibu langu lile lile! Yeye nadhani jina lilimkwama kooni, mimi nilikuwa mvivu tu, lakini kote kuwili Msamaria kafutwa.

Mwezi wa saba narudi mazoezini, tena shule nyingine. Yule kijana sasa yuko kidato cha tatu, na daftari lake bado lina jibu langu. Nimeanza kumwandikia barua, nimekwama kwenye mstari wa kwanza.