Kumpima mtumishi: kutoka fomu ya siri hadi simu ya mkononi

Mwalimu wa Tegeta, Dar es Salaam, wa miaka ya 1980 alipimwa kila mwaka bila kujua kapimwaje. Mkuu wake wa kazi alijaza fomu ya siri, ikaenda kwenye faili. Cheo kikichelewa, mwalimu alibaki kubahatisha: ni bajeti, au ni ule ubishi wa kikaoni?

Kabla ya hapo wafanyakazi waliwahi kuwapima wakubwa. Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, ulikemea viongozi wenye kiburi na dharau. Viwandani Dar es Salaam watu waliushika, wakagoma, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakakitwaa kiwanda chenyewe. Serikali ikaingilia kati, na kupima kukabaki kazi ya wakubwa.

Fomu ya siri iliondolewa Julai 2004, wakati wa mageuzi ya utumishi wa umma, ukaja mfumo wa tathmini ya wazi, OPRAS, kwa Kiswahili MWAMTUKA. Mtumishi na msimamizi walikubaliana malengo Julai, wakayapitia Desemba, wakapeana alama Juni: 1 ilikuwa bora kabisa, 5 dhaifu mno. Fomu ilikuwa na safu tatu za alama: ya mtumishi, ya msimamizi na ya makubaliano. Hiyo ya tatu haikuweza kujazwa bila watu kuketi na kuzungumza.

Lakini wengi hawakuketi. Fomu ya mwaka mzima ilijazwa siku moja, msimu wa kupanda vyeo ulipokaribia, kwa malengo yaliyonakiliwa ya mwaka uliopita. Mwalimu mwenye darasa lililofurika aliahidi ufaulu, na vitabu havitoshi.

Kampuni binafsi nazo zimebanwa. Kanuni za kazi za 2007 zinamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kwa utendaji duni aonyeshe kiwango alichomwekea, na kwamba alimwonya na kumpa nafasi ya kujirekebisha. Mwajiri asiye na kumbukumbu hizo huumbuka mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Kwa watumishi wa umma, mwaka 2023 serikali ilileta PEPMIS, mfumo wa kidijitali wa kupima utendaji, badala ya OPRAS. Sasa mwalimu wa Tegeta anaingiza kazi zake kwenye mfumo, hata kwa simu, na msimamizi anazithibitisha humo humo. Kunakili ya mwaka jana kumekuwa kugumu. Kuthibitisha bila kusoma bado ni rahisi.

Msimamizi, usiutegemee mfumo useme kwa niaba yako. Mwite mtu wako mapema, mweleze anapokosea, naye umsikilize.