Sonografa

Sonografa ni mtaalamu wa afya anayetumia mashine ya ultrasaundi kupata picha za viungo vya ndani ya mwili, mishipa ya damu au mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Jina hilo limeundwa kutokana na neno la Kilatini sonus (sauti) na la Kigiriki graphein (kuandika).

Kazi hii hutofautiana na ile ya kupiga picha za eksirei. Kwanza, ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, si mionzi. Pili, picha huonekana papo hapo kwenye skrini zikiwa zinatembea, na sonografa ndiye anayechagua zipi zihifadhiwe. Sehemu ya mwili ambayo hakuipitia, daktari hawezi kuiona baadaye katika picha zilizohifadhiwa. Kwa sababu hiyo ubora wa kipimo hutegemea sana ujuzi wa anayekifanya.

Jinsi picha inavyopatikana

Sonografa hushika kifaa kinachoitwa proba na kukipitisha juu ya ngozi. Proba hutoa mawimbi yenye mitetemo milioni 2 hadi 18 kwa sekunde (megahezi 2 hadi 18), wakati sikio la binadamu halisikii zaidi ya mitetemo 20,000. Mawimbi husafiri ndani ya mwili kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde na kurudi kama mwangwi kila yanapokutana na mpaka kati ya tishu mbili tofauti. Mashine hupima muda wa mwangwi kurudi na kuugeuza kuwa picha.

Majimaji, kama vile mkojo kwenye kibofu, huonekana meusi. Mfupa na vijiwe vya nyongo huonekana vyeupe na huacha kivuli nyuma yake. Hewa huzuia mawimbi. Ndiyo maana ngozi hupakwa jeli, na ndiyo maana gesi ya utumbo huweza kuficha kongosho. Mitetemo mingi hutoa picha kali lakini haifiki mbali, hivyo tezi ya koo huchunguzwa kwa proba tofauti na ile ya tumbo.

Historia

Mwaka 1942 daktari Karl Dussik wa Austria alichapisha jaribio la kuchunguza ubongo kwa mawimbi hayo. Mwaka 1953 Inge Edler na Hellmuth Hertz walianza kuchunguza moyo huko Lund, Uswidi. Mwaka 1958 Ian Donald, John MacVicar na mhandisi Tom Brown wa Glasgow, Uskoti, walichapisha katika jarida la The Lancet picha za uvimbe wa tumboni na za ujauzito. Nchini Marekani taasisi ya kuwapima na kuwasajili masonografa, ARDMS, ilianzishwa mwaka 1975.

Kazi za kila siku

Sonografa husoma ombi la daktari, humuuliza mgonjwa dalili zake na kuhakikisha amejiandaa. Kwa kipimo cha mfuko wa nyongo mgonjwa huambiwa asile kwa saa kadhaa; kwa mimba changa mara nyingi huambiwa anywe maji na asikojoe, kwa kuwa kibofu kilichojaa husaidia kuona mfuko wa uzazi.

Katika ujauzito sonografa huangalia mapigo ya moyo, idadi ya watoto, mahali kondo la nyuma lilipo na kiasi cha maji yanayomzunguka mtoto. Kondo lililoziba njia ya uzazi au mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huweza kusababisha mama kutokwa damu hadi kufa isipogunduliwa mapema.

Umri wa mimba hukadiriwa kwa kumpima mtoto. Kabla ya wiki 14 kosa la makadirio huwa takriban siku 5 hadi 7. Baada ya wiki 28 huweza kufika wiki 3. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani hupendekeza kila mjamzito apate kipimo kimoja kabla ya wiki 24.

Nani huandika majibu

Nchini Marekani sonografa hutoa maelezo ya awali, na daktari ndiye anayetia sahihi majibu ya mwisho. Nchini Uingereza masonografa wengi huandika majibu wenyewe. Nchini Ujerumani kwa kawaida daktari mwenyewe ndiye anayepima.

Katika Afrika Mashariki kipimo hufanywa pia na wataalamu wa radiografia, matabibu na wakunga waliopata mafunzo ya ziada. Miongoni mwa vyuo vinavyofundisha fani hii ni Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC) na taasisi ya Ernest Cook iliyopo Mengo, Kampala. Mashine ikinunuliwa bila mtu aliyefundishwa, picha zitapatikana, lakini tatizo linaweza kupita bila kutambuliwa.

Maadili na usalama

Sonografa mara nyingi ndiye wa kwanza kuona kwamba moyo wa mtoto umesimama, hata pale ambapo taratibu za kituo zinamtaka amwachie daktari kutoa habari hiyo. Nchini India sheria ya mwaka 1994 inakataza kumwambia mzazi jinsia ya mtoto, ili kuzuia utoaji wa mimba za wasichana.

Hakuna madhara yaliyothibitishwa kwa mtoto kutokana na kipimo cha kawaida. Hata hivyo mawimbi huweza kupasha tishu joto, hivyo hushauriwa kutumia nguvu ndogo na muda mfupi kadiri inavyowezekana.

Wenyewe masonografa husumbuliwa sana na maumivu ya bega, shingo na kifundo cha mkono, kwa sababu hukandamiza proba kwa muda mrefu mkono ukiwa umenyooshwa. Kitanda na kiti vinavyopandishwa na kushushwa hupunguza tatizo hilo.

Tazama pia
Ultrasaundi
Eksirei
Radiolojia
Ujauzito