USS England (DE-635)
USS England ilikuwa manowari ya kusindikiza ya Marekani, iliyoanza kazi Desemba 1943. Jina lilimuenzi John Charles England, afisa kijana aliyefia ndani ya meli Oklahoma katika shambulio la Pearl Harbor baada ya kuwaokoa wenzake watatu. Kati ya 19 na 31 Mei 1944, kaskazini mwa Visiwa vya Solomon, meli hii ndogo ilizamisha nyambizi sita za Japani, ufanisi wa kustaajabisha. Ilitumia mzinga uliorusha mabomu 24 mbele yake. Hayakulipuka mpaka yaguse kitu, hivyo yakikosa shabaha sonari, chombo cha kutafuta nyambizi kwa sauti, iliendelea kusikia vizuri. Tarehe 9 Mei 1945, karibu na Okinawa, ndege ya kujitoa mhanga iliigonga. Mabaharia 37 waliuawa au kupotea. Iliuzwa kama chuma chakavu mwaka 1946.